Lori la Kibombo na Kiingereza cha Mjomba

Siku hizi ninafundisha Kiingereza katika sekondari moja ya hapa Kindu. Neno linalonitoa jasho ni dogo kabisa: "get". Ni kupata, ni kufika, ni kuelewa. Ukiliongezea mkia ni kupanda, kushuka, kuamka, kujiandaa. Wanafunzi wanalalamika. Mimi ninamkumbuka mjomba wangu, ambaye kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu.

Alijifunza Kiingereza Uganda, akiosha vyombo hotelini. Mpishi alimpigia kelele, "Get water! Get plates!" naye akaleta maji, akaleta sahani. Basi "get" ni leta. Alirudi nyumbani na elimu hiyo, na hakuna aliyembishia.

Vita vilipotutoa Kibombo tulikimbilia Kindu, tukakaa miezi mingi katika madarasa ya shule. Asubuhi moja lori la walinda amani likasimama uwanjani. Akashuka ofisa mrefu, mtu wa nchi ya mbali, asiyejua Kiswahili wala Kifaransa. Tukamsukuma mjomba mbele.

"Get ready!" ofisa akasema.

Mjomba akafikiri, kisha akatugeukia. "Anasema mulete redio."

Mbuzi, baiskeli na sufuria zilikwisha kuporwa na wenye bunduki, lakini redio tulikuwa tumezificha ndani ya magunia ya mihogo.

"Hata hawa?" mama akauliza. "Si njo hawa walikuja kutulinda?"

"Dada, mimi ninatafsiri tu."

Tukazitoa. Ofisa akashangaa kuona wanawake wamepanga mstari, kila mmoja amekumbatia redio kama mtoto mchanga. Akaonyesha lori kwa kidole. "Get on the truck!"

"Mulete juu ya lori."

Tukazipandisha, wengine wakilia. Ofisa akajishika kichwa. "Do you get it?"

"Anauliza kama mumeileta."

"Tumeileta!" tukajibu kwa hasira, sote pamoja.

Hapo ofisa akatabasamu, akaenda kukaa mbele. Dereva akawasha mashine. Mama akashindwa kuvumilia. Redio aliyoileta ilikuwa ya baba, na baba tulimzika njiani.

"Haiendi bila mimi," akasema, akapanda.

Nikamfuata mama. Wengine wakafuata redio zao, na watoto wao, na kuku. Wa mwisho alikuwa mjomba, aliyekuwa akipiga kelele kwamba hakuna aliyetuambia tupande.

Lori likashika njia ya kusini. Tulikaa tukiwachukia askari, mpaka mama aliposimama ghafla na kushika ukingo.

"Hii si njia ya kwetu?"

Ilikuwa njia ya kwetu. Mwanamke mmoja akaanza kucheka, akashindwa kuacha, na kicheko kikaenea hadi nyuma kabisa. Mjomba peke yake alikunja uso.

"Kibombo hakuitaja hata kidogo," alisema.

Tulifika kabla ya jua kuzama. Nyumba yetu haikuwa na paa, na mbegu tulizoziacha zilikuwa zimeota: chumba cha kulala kilijaa mpunga ulioiva. Mama akaazima kisu kwa jirani, akaanza kuvuna pale kilipokuwa kitanda chake.