Nitachubuka Kidogo

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuo cha ualimu niliishi Msamala kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, na uso wangu ulikuwa umeharibika. Sizungumzii vile vichunusi viwili vitatu vya ujana ambavyo watu huvitania. Vyangu vilijaa kutoka kwenye paji la uso mpaka kidevuni, vingine vina usaha, na vilivyopona viliacha madoa meusi. Siku moja kwenye mazoezi ya kufundisha mtoto wa darasa la tatu alinyoosha mkono. Nikafurahi kwamba hatimaye kuna mwenye swali. Akauliza, "Mwalimu, umeumwa na nyuki?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kulia chooni.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyenipeleka hospitali, hilo simnyimi. Ila alibaki kwenye benchi akipiga soga na mama mmoja waliyefahamiana, nikaingia kwa daktari peke yangu. Daktari alikuwa dada kijana, anaongea haraka kana kwamba ana basi la kuwahi. Aliniandikia jeli ya kupaka, tyubu ndogo kama kidole. Nipake usiku tu, nikishanawa kwa sabuni isiyo kali na uso ukishakauka kabisa. Kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, siyo punje kwa kila chunusi. Mwanzoni nipake siku moja, niruke moja. Nisiguse macho wala midomo. Nipake na mafuta mepesi yasiyoziba ngozi, na mchana nijikinge na jua. Akaniuliza kama nina mimba. Nilishtuka nikatazama mlango, nikamshukuru Mungu kwa soga za shangazi. Nikajibu hapana. Akasema jeli ile hapewi mjamzito, na nisimgawie mtu.

"Wiki za mwanzo utachubuka kidogo," akamalizia. "Usiogope. Ikichoma sana, pumzisha siku mbili tatu. Nafuu itachukua miezi, usiwe na pupa."

Tulipotoka getini shangazi akataka kujua nimeambiwa nini. Kati ya maneno yote yale, nikachagua hilo moja.

"Amesema nitachubuka kidogo, Shangazi."

Akasimama. "Utajichubua?"

"Nitachubuka."

"Si ndicho ninachokuuliza?"

Tofauti ni silabi mbili tu. Anayechubuka ni kama aliyeanguka akatoka ngozi ya goti, anapewa pole. Anayejichubua amenunua mkorogo, amechoka na rangi aliyozaliwa nayo. Shangazi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, ile ya majirani Wakatoliki wanaokutana kusali Jumamosi asubuhi, na katika jumuiya yetu kujichubua kulikaa jirani kabisa na uzinzi. Nilikuwa nimemwona akimnyima mama mmoja nafasi kwenye kamati kwa sababu shingo na uso wake havikufanana rangi. Siku ile tukaenda zetu, lakini lile neno alilitia mfukoni.

Hapa niseme na kosa langu. Nilikuwa na pupa ileile niliyokatazwa. Nilipaka asubuhi na usiku, kila siku, nene kama siagi. Ilichoma mpaka machozi, na mimi nikafurahi, kwa sababu wote kwetu tumelelewa tukiamini kwamba dawa isiyochoma wala kuwa chungu imetengenezwa kwa maji ya bomba. Wiki ya pili uso ulianza kutoka ngozi kama kiazi kilichochemshwa. Kuzunguka mdomo palibaki pekundu, na mashavuni ngozi mpya iliyotokea chini ilikuwa nyeupe kuliko mimi.

Shangazi aliniona nikifagia uani. Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga.

"Nilijua," akasema.

Nilijaribu kumweleza, na kila nilichoeleza kilinizamisha. Kwa nini unapaka usiku? Daktari amesema. Kwa nini unakimbia jua? Daktari amesema. "Dawa gani hiyo inaogopa jua? Mkorogo ndio unaoogopa jua!" Nikasema eti hata wajawazito hawaruhusiwi. Akapiga makofi ya kukata tamaa: hata mkorogo wajawazito hawaruhusiwi. Masharti yote yaliyowekwa ili yanilinde yaligeuka ushahidi. Nikamwomba turudi wote kwa daktari. Akasema hawezi kutembea mjini na uso ule, watu wangesema yeye ndiye anayeninunulia.

Chuo kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kutoka, na yeye akaniondolea hata zile ndogondogo. Sokoni hapana. Misa, nikae nyumbani, Mungu ananisikia hata chumbani. Nilikaa kwenye chumba cha nyuma, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani, siku baada ya siku. Nilihesabu matofali ya ukuta ule mpaka nikayachukia. Jeli niliiacha kwa siku kadhaa, si kwa busara, kwa hofu, chunusi zikazidi. Nikairudia, ngozi ikatoka tena. Nikipaka nina hatia, nisipopaka nina uso wa nyuki.

Kisha nikamsikia shangazi akiongea na baba kwa simu, ameweka spika. Baba alilima tumbaku Lusewa. "Njoo umchukue mwanao," alimwambia. "Mimi sikai na mtu anayejikataa." Baba hakuwa mtu wa kubishana na dada yake. Akasema sawa, tumbaku inahitaji watu, atakuja Jumapili. Nilijua maana yake. Nikirudi Lusewa chuo kimekwisha. Wenzangu wangefungua muhula, na mimi ningekuwa shambani juani kutwa nzima, na uso ambao hauruhusiwi jua.

Jumamosi, siku moja kabla ya baba kufika, jumuiya ilikutana kwetu. Nilisikia kupitia mlango mama mmoja akisali, kwa upole kabisa, "Tuwaombee mabinti zetu wanaoikataa rangi waliyopewa na Mungu." Sebule nzima ikaitikia. Jina langu halikutajwa, maana halikuhitajika. Halafu shangazi akaniita.

Walikuwa kina mama kama kumi na wazee wawili. Nikapiga magoti, nikawaamkia shikamoo, wakaitikia wakinitazama mashavu. Shangazi akasema, "Hatukuhukumu, mama. Sema tu ukweli, jambo liishe." Nikamtazama usoni nikaona hakuwa na chuki. Alikuwa na huruma, na huruma ile ilinitisha kuliko makelele. Ukweli nilishausema wiki mbili na haukuwa umelimaliza jambo. Lilikuwapo neno moja tu la kulimaliza, na wote mle ndani walikuwa wanalingoja.

"Nilijichubua," nikasema. "Naomba mnisamehe."

Sijawahi kukumbatiwa vile maishani. Mama mmoja alilia. Tukatoka pamoja mpaka chooni, nikaidondosha tyubu shimoni kwa mkono wangu, wakapiga vigelegele. Shangazi akampigia baba palepale: usije, mtoto amejirudi. Jioni akakata limao akanipaka uso kwa kiganja chake, taratibu, akiniita mwanangu. Limao juu ya ngozi iliyochubuka! Lilichoma kuliko jeli ilivyowahi kuchoma. Akauliza kama naumia, nikasema hapana, Shangazi, naona raha.

Chuo kilipofunguliwa nilikwenda kwa yule daktari siku ya kwanza kabisa. Alinifokea kwa haki: kwa kupaka kama siagi, kwa limao, kwa kukaa kimya. Akaniamuru nipumzishe uso mpaka utulie, kisha nianze upya kwa tyubu nyingine. Safari hii nilifuata. Punje ya njegere, usiku, siku moja ndiyo, moja hapana, mpaka ngozi ikazoea. Tyubu niliificha ndani ya soksi. Baada ya miezi minne uso ulikuwa umetulia, na kufikia mwisho wa mwaka madoa yenyewe yalikuwa yanafifia. Shangazi alisema ni limao. Alilisema hilo kila mahali, na mimi nilitabasamu kila mahali.

Nimekuwa mwalimu sasa, na huwa nakwenda Msamala kumsalimia shangazi. Mwaka jana nilimkuta sebuleni na mama mmoja kutoka Madaba na binti yake wa miaka kumi na saba. Binti alikuwa ameinamisha kichwa na kujifunika mtandio mpaka kwenye pua, na nilijua kilicho chini yake kabla hajaufunua. Mezani palikuwa na malimao.

"Huyu hapa," shangazi akasema kwa furaha. "Mwambie lilivyokusaidia."

Yule binti akainua macho akaniangalia mashavu, laini kabisa, akaanza kutabasamu kwa matumaini. Sikuweza kumdanganya.

"Si limao," nikamwambia. "Limao litakuunguza. Nenda hospitali uandikiwe dawa, na uipake kidogo vile utakavyoambiwa, hata ukiona haifanyi haraka." Halafu nikamgeukia shangazi. "Shangazi, mimi sikujichubua. Siku ile nilisema uongo."

Nilitarajia ashtuke. Alikuwa anakusanya malimao yake, moja moja, anayarudisha kwenye bakuli.

"Najua," akasema. "Nilikwenda kumuuliza yule daktari juma lilelile, baada ya wewe kukiri. Akanieleza yote."

Miaka yote ile! Kila mara kina mama wa jumuiya waliponishika mkono kanisani wakisema tunakuombea, alikuwa amesimama pembeni yangu anajua. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Kwa nini hukuwaambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama niliyemuuliza swali la kitoto.

"Ulikuwa umeshakubali mwenyewe, mwanangu, mbele za watu. Mimi ningesema nini?"

Na ni kweli, nilikuwa nimekubali.