Sufuria ya Mama Mkwe

Mwololo, jirani yangu wa Riruta, aliendesha lifti katika jengo moja la ofisi mjini, mtu mpole wa kupitiliza. Mwaka wa 1972 alipatikana na kifua kikuu, akapewa vidonge vya kumeza kila siku. Alikuwa ameanza kupata nafuu mama mkwe wake alipofika kutoka Machakos na mzigo wa mizizi ya kusafisha kifua.

Kwao Ukambani, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kulala chumba kimoja. Kwa hivyo mama alilala kwangu, na mizizi akaichemshia kwenye jiko langu. Nthenya, mkewe Mwololo, ndiye aliyepeleka kikombe. Mwololo alikunywa asubuhi na jioni, juu ya vidonge vyake. Amrudishie mama mkwe kikombe kikiwa na kitu ndani? Afadhali afe. Na alikaribia kufa kweli, mjinga yule ninayempenda.

Macho yalimgeuka manjano, mkojo ukawa rangi ya strungi, chai isiyotiwa maziwa. Hospitalini walimlaza, wakasema ini limeumia. Muuguzi, Sista Awiti, alimuuliza kama kuna kitu kingine anachotumia. Akakana. Angemsemaje mama mkwe mbele ya wageni? Daktari akashuku pombe.

Nthenya alirudi na habari hiyo akilia, akamkuta mama yake anachemsha mizizi mingine ya kupeleka wodini. Mkwe wake, shemasi wa kanisa, aitwe mlevi? Mama alijifunga leso, akaibeba sufuria nzima, akaniambia nimwonyeshe njia.

Wodini hakumngoja mtu amkaribishe.

"Daktari, huyu si mlevi. Kitu alikuwa anakunywa ni hii, na ni mimi nilipika."

Niliogopa watamfokea. Sista Awiti alimshika mkono, akamweleza polepole kwamba mizizi na vidonge vilikutana kwenye ini, likashindwa kuvimudu vyote. Vidonge vilisimamishwa kwa muda na mizizi ikakatazwa kabisa. Manjano yalipoanza kutoka, daktari alirudisha dawa kidogo kidogo.

Jumapili moja mama mkwe alisimama kando ya kitanda bila kujifunika uso. Nilifurahi hadi nikaona haya.

"Mwanangu, nikikuletea kikombe tena, mwaga. Mwaga nikiona."

Mwololo aliinua macho, akamtazama usoni.

"Nitamwaga, mama."