Mishipa iliyoishia njiani, na mwanamke aliyebebeshwa lawama

Saa kumi na mbili asubuhi, katika kijiji kimoja cha kata ya Nambilanje wilayani Ruangwa, majani ya mikorosho bado yamelowa umande. Sofia Shehe anakaza khanga kichwani, anavuta kamba ya mashine aliyoibeba mgongoni, nayo inakohoa mara mbili na kuwaka. Unga wa njano unapanda hadi kileleni mwa mti.

Unga huo ni salfa, dawa ya ubwiri unga, ugonjwa unaokausha maua ya mikorosho. Hupulizwa mapema kwa sababu hushika vizuri kwenye umande, na upepo unakuwa haujaamka. "Jua likipanda unapulizia hewa tu, bwana," anasema Sofia huku akifuta macho yaliyoiva kwa kuwashwa.

Ana umri wa miaka 29, na ndiye mwanamke pekee kijijini anayefanya kibarua hiki. Wenye mashamba wanamgombania msimu ukifika. Wake zao ni habari nyingine.

"Nikipita, mwenye kichanga anakifunika," anasema. "Tumbo langu linakula watoto, ndivyo walivyosema. Yalisemwa kule Mnero, yakafika huku kabla mimi mwenyewe sijafika."

Mnero iko wilaya ya Nachingwea, na huko ndiko Sofia alikoolewa na fundi pikipiki aitwaye Rashidy. Mtoto wao wa kwanza, Rahimu, alizaliwa na uzito mzuri, akalia vizuri, akanyonya vizuri. Kitu kimoja tu hakikuwa sawa. Siku ya pili ilipita hajapata choo, tumbo likajaa, akaanza kutapika matapishi ya kijani.

Mama mkwe wake, Bi Fauzia, anajulikana vijiji vya jirani kwa kutibu chango la watoto wachanga. Alichemsha majani, akayapoza, akampiga mtoto bomba, yaani akamwingizia maji hayo njia ya haja kubwa, kwa kimpira chake cha siku zote. Choo kilitoka kwa kishindo, tumbo likanywea, mtoto akalala. Nyumba nzima ikamshukuru Mungu na bibi.

Baada ya siku chache tumbo likajaa tena. Akapigwa bomba tena, akapona tena. Mambo yakaenda hivyo miezi tisa.

"Ingekuwa dawa haifanyi kazi, tungekimbia hospitali siku ileile," anasema Sofia. "Lakini ilikuwa inafanya kazi. Kila mara inafanya kazi. Nani atapanda gari kwenda kutafuta daktari wakati dawa iko jikoni kwa mama mkwe?"

Siku walipopanda gari, Rahimu alikuwa na homa kali na tumbo gumu. Daktari wa upasuaji wa watoto aliyempokea, Dk. Nicholaus, anakumbuka kwamba utumbo ulikuwa umeshaoza. Mtoto hakumaliza siku mbili wodini.

Kwa ridhaa ya Sofia, daktari huyo amekubali kueleza kilichotokea. Anasema mtoto akiwa bado tumboni, chembe hai zinazojenga mishipa ya fahamu ya utumbo huanza safari kutoka juu, sehemu za shingoni, na kushuka hadi kwenye njia ya haja kubwa. Vinasaba ndivyo vinavyoziongoza wapi pa kupita, wakati gani wa kuongezeka, na kwamba zisisimame kabla ya mwisho.

"Maelekezo hayo yakiwa na kasoro, zinaishia njiani," anasema. "Kipande cha chini kinabaki hakina mishipa, kwa hiyo hakilegei wala hakisukumi. Choo kinarundikana juu yake. Ni kama nyaya za umeme zilizoishia katikati ya kijiji. Nyumba za mwisho ni nzima, zina hadi taa, ila haziwaki."

Bomba hufungua njia kwa muda tu, anaongeza, na nafuu ile ndiyo inayowapoteza wazazi. Safari ya chembe hizo hukamilika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ya mimba, wakati wanawake wengi hata hawajawaambia majirani kwamba ni wajawazito. Kichanga yeyote asiyepata choo siku mbili za mwanzo anapaswa kufikishwa hospitali, hata kama ananyonya na kulala vizuri.

Maelezo hayo Sofia aliyapata akiwa amekaa kwenye benchi na maiti ya mwanawe. Nyumbani hakuna aliyetaka kuyasikia.

Siku ya arobaini ya Rahimu, wali ukiwa umeshapakuliwa, Bi Fauzia alisimama mbele ya wanawake waliojaa uani. Sofia anayakariri maneno yale bila kupepesa: "Dawa yangu imewaponya wajukuu wa kijiji kizima. Huyu haikumponya kwa sababu amezaliwa na tumbo baya. Na mama yake alishinda kwenye salfa mimba ikiwa changa." Wiki hiyohiyo Rashidy alitoa talaka.

Nilimuuliza daktari kuhusu salfa. Alijibu kwamba hana sababu yoyote ya kuilaumu.

Rashidy hakukaa sana. Alimuoa Hafidha, binti wa palepale Mnero, na mwaka jana wakapata mtoto wa kiume aitwaye Huzaifa. Siku ya tatu baada ya kujifungua, Hafidha alijifungia chooni na simu, akampigia mwanamke ambaye hajawahi hata kumpa mkono.

"Nilimwambia, dada Sofia, nisamehe kwa kukusumbua, mtoto wangu hajapata choo tangu azaliwe na bibi yake anampiga bomba," anasimulia Hafidha. "Nikajua atakata. Akaniuliza, anatapika kijani? Nikasema ndiyo. Akasema, vaa, mbebe, toka sasa hivi."

Sofia aliacha mashine shambani, akapanda bodaboda hadi Ruangwa mjini na nyingine hadi Mnero. Mlangoni alimkuta Bi Fauzia na kimpira mkononi, amemzuia Hafidha asitoke.

"Umekuja kummaliza na huyu?" Bi Fauzia alimuuliza.

"Nimekuja kumchukua kabla hujammaliza wewe, mama," Sofia akamjibu. Anakiri kwamba hakuwahi kumjibu hivyo mkwe wake siku zote za ndoa, na hajuti hata kidogo. Wakati wawili hao wakirushiana maneno, Hafidha alipita nyuma yao na mtoto kifuani, akapanda bodaboda iliyomleta Sofia.

Huzaifa yu hai. Alifunguliwa njia ya choo ya muda tumboni, na baadaye kipande kisicho na mishipa kikakatwa na utumbo kuunganishwa. Ni ugonjwa uleule uliomuua kaka yake.

Dk. Nicholaus alimkalisha Rashidy akamweleza. Kasoro ya vinasaba inaweza kupita kwa mzazi mzima asiyewahi kuumwa tumbo maishani mwake. Watoto wawili, mama tofauti, baba mmoja. "Hatujapima damu ya mtu, lakini nilimwambia inaelekea imepitia kwake," anasema. "Nikamwambia si kosa lake. Si kosa la yeyote."

Rashidy aliitikia kwa kichwa, akarudi Mnero na kuwaambia watu kwamba mwanawe alipatwa na chango kali. Bi Fauzia akaongeza la kwake, kwamba bila bomba lake mtoto asingefika hospitali. Na wapo wanaosema Huzaifa aliugua kwa husuda ya mke aliyeachwa.

Nilimkuta Rashidy kwenye kijiwe chake akifunga mnyororo wa pikipiki. "Mambo ya damu anayajua Mungu, braza," alisema bila kuinua uso. Nilipomuuliza kama atayasema aliyoambiwa na daktari mbele ya watu waliomsikia mama yake, aliomba nimpishe mwanga.

Nimetembelea watu wengi kwa kazi hii, na sijakasirika hivyo siku nyingi. Maneno mawili tu yangemtosha Sofia.

Mwaka huu mwanamume aitwaye Idd alipeleka posa kwa wazazi wa Sofia. Shangazi wa Idd alikwenda Mnero kuulizia, akarudi na habari za tumbo baya, na posa ikasimamishwa. Idd mwenyewe bado anapiga simu. Wazee wake wanasema watakubali siku watakayosikia kinywani mwa Rashidy kwamba Sofia hana kosa.

"Hafidha aliniomba msamaha chumbani, analia," anasema Sofia akizima mashine. "Nimempokea, yeye hana ubaya. Lakini mimi nilitukanwa uani, watu wamejaa, masufuria yako wazi. Nitasafishwa palepale."

Baada ya msimu wa kupulizia, Rashidy atafanya dua ya shukrani kwa kupona mwanawe, na majirani wote wamealikwa. Sofia hajaalikwa. Atakwenda.

"Nitakaa na wanawake wenzangu, nisubiri pilau ipakuliwe," anasema. "Halafu nitasimama nimuulize kwa sauti: Rashidy, wanao wawili wameumwa ugonjwa mmoja. Mama zao ni wawili. Baba yao ni nani?"