Goti la Mama Mukwe na Viazi vya Manjano

Miaka ile ya Zaire, mama mukwe alitufikia Kalemie kwa treni kutoka Nyunzu, goti la kuume limevimba na lina moto kama sufuria iliyoteremshwa sasa hivi. Alitaka jambo moja tu: arudi kwake kabla mvua haijashika, apande karanga. Shamba lisilopandwa kwa wakati, kule, jirani anasogeza mpaka wake huku akikupa pole.

Dispansari ilikuwa na kitanda, mizani na muuguzi. Dawa hazikuwapo. Muuguzi akasema tumlishe viazi vitamu, vile vyenye manjano ndani, maana inaonekana katika rangi ile mna kitu kinachotuliza uvimbe. Nikamuuliza kama ni hakika. Akasema labda. Mimi ni mtu wa biashara. Ile labda ilinipendeza kuliko hakika zote nilizowahi kuuziwa.

Shida ilianzia sokoni. Ngozi ya kiazi haisemi kilichomo: chekundu nje huweza kuwa cheupe ndani. Kwa hiyo nilikwangua kila kimoja kwa ukucha kabla ya kuzungumzia bei. Mama muuzaji alinitazama nikimaliza fungu lake zima, kisha nikianza upya ili kuhakikisha.

"Papa," akaniambia, "hapa njo soko. Kama unatafuta bibi, enda ukwangue kwa wakwe."

Nikamjibu kwamba ni wakwe walionituma. Wenzake walicheka mpaka akapunguza bei, au alipunguza ili niondoke, sikuuliza.

Nyumbani kulikuwa na shida kubwa zaidi. Kwetu mwanaume hamtazami mama mukwe wala hali naye, sembuse kumshika goti. Mimi, nisiyeamini kipimo cha mtu mwingine hata cha chumvi, nilitaka kujua habari za goti nisiloruhusiwa kuliona. Nikampa mke wangu uzi wa nyavu: auzungushe gotini, afunge fundo pale unapokutana, aniletee. Naupima mezani, kisha naupima tena.

Mwanzoni uzi haukubadilika. Baadaye ukapungua kidogo, halafu ukapungua sana. Nilifurahi, nikaongeza viazi, mpaka mke wangu akawa anaulizia bukari, ugali wetu, kama mtu anayeulizia ndugu aliyesafiri. Lakini bei ikishuka haraka hivyo, mtu wa soko hujiuliza mzigo una nini. Nikaomba uzi wa goti la pili, lile zima. Ulipokuja nikaulaza kando ya mwenzake. Goti gonjwa lilikuwa limekonda kuliko goti zima.

Nikamwita mke wangu aone. Hakushangaa.

"Mama anavuta uzi yeye mwenyewe, anakaza sana," akasema. "Anataka kwenda kupanda. Wewe unataka uzi, yeye anakupa uzi."

Nyuzi nikazitupa. Nikabaki nawaza nitajuaje, ndipo nikakumbuka kwamba mwiko unakataza macho na mikono. Juu ya masikio hausemi kitu. Asubuhi nikawa nakaa nyuma ya ukuta anapovuka uwanja kwenda kunawa. Alipofika kwetu mguu mmoja ulikuwa unagonga, mwingine unaburutwa kama gunia. Sasa uliburutwa kidogo tu. Kisha ikaja asubuhi moja nikasikia hatua, nikangoja ile nzito, isije. Nikangoja arudi, nisikilize tena. Sikuweza kutofautisha miguu.

Ni viazi? Sijui mpaka leo. Muda wote huo hakushika jembe, na mke wangu alimkanda kwa maji ya moto kila jioni. Wapagazi watatu wakibeba mzigo mmoja, kila mmoja atakuambia ni yeye aliyebeba. Ila viazi vya manjano naendelea kuvinunua, na kuvikwangua.

Siku ya treni mawingu yalikuwa yameanza kurundikana juu ya ziwa. Stesheni nilimpa mke wangu kifurushi chake, nikasimama nimegeuza mgongo kama inavyotakiwa, nikasikia anapanda ngazi za behewa bila kusita. Alipokaa akazungumza na binti yake, kwa sauti ya kunitosha mimi:

"Ambia bwana yako, goti njo yangu, hapana ya uzi yake. Na viazi vilivyobaki, akule yeye."

Treni ilipoondoka nikageuka. Nikamuuliza mke wangu mama alitanguliza mguu gani kupanda.

"Ule mubaya," akasema.

Nikamuuliza tena. Akasema ule ule.