Mzee Aliyegoma Ndani ya Pipa Langu

Pipa lile lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu mume wangu hadi leo akisimulia habari hii husema "pipa la nyumbani", kana kwamba lilijinunua lenyewe. Nililinunua mimi kwa ajili ya maji ya mvua, na mwaka wa tisini na mbili shemeji yangu akaliteka, akaning'iniza ndani yake moteri ya boti, ambayo alisema haiwashwi pakavu.

Tulikaa Nyamirambo, mjini Kigali, juu ya kilima. Boti hapo haina pa kwenda. Lakini shemeji, mdogo wake mume wangu, alirudi kutoka Kigoma na moteri hiyo kuukuu juu ya lori la chumvi, akatutangazia kwamba huko alikuwa kapteni. Moteri ilikuwa imeliwa na kutu hata jina lake lilikuwa halisomeki. Yeye aliiita Mzee, na baada ya muda sote tukaiita Mzee. Asubuhi alipita uani akasema "Shikamoo, Mzee" kabla hajanisalimia mimi niliyempikia chai.

Tungemvumilia na ukapteni wake, ila alipenda. Alimpenda mjane mmoja muuza vitenge wa mtaa wa chini yetu, mwanamke mwenye sauti ya kusikika vichochoro vitatu, na mjane naye hakusema hapana. Aliyesema hapana ni kaka wa huyo mjane, mkazi wa mtaa wa Kagarama. Huyo alidai kwamba dada yake hamwozi mtu wa maneno matupu.

"Kama ni kapteni kweli, awashe hiyo moteri nikiiona," alisema. "Nitakuja Jumapili baada ya alasiri."

Ikiwaka, aoe. Isipowaka, asionekane tena penye vitenge. Shemeji alikonda wiki ile, na mimi, pamoja na hasira zangu zote za pipa, nilimwonea huruma.

Jumapili asubuhi yeye na mume wangu walianza kuvuta kamba ya kuiwashia. Mzee kimya. Wakasema ni mafuta, wakayamwaga, wakachanganya upya petroli na oili. Kimya. Wakasema ni kabureta, wakaifungua juu ya sinia langu la wali na kuipuliza kwa mdomo kwa zamu. Kimya. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kufungua kitu kikubwa kuliko cherehani, akasema huenda maji ni ya baridi mno. Wakachukua maji ya moto kutoka jikoni kwangu wakayamimina pipani.

"Mnamwogesha?" niliwauliza.

Hawakucheka. Shemeji aliinama kuchungulia mpira wa mafuta, ukachomoka, petroli ikamruka jichoni. Alipiga kelele! Tukamwosha kwa maji mengi, tukamlaza kwenye mkeka kando ya pipa, mume wangu akamfunika uso kwa kitambaa cheupe nilichokilowesha. Na bado, kutoka chini ya kitambaa, kapteni akatoa amri: "Buji ndiyo imekufa. Nunueni buji mpya."

Nikaenda mimi. Sasa nisikilize vizuri kabla hujanicheka. Kwa mafundi wa Kigali, buji ni kile kidude cha kutoa cheche kwenye injini. Kwetu sisi wengine wote, buji ni mshumaa. Wazungu waliotuletea neno hilo walikuwa na neno moja kwa vitu viwili, sasa nani alaumiwe? Mimi nilidhani anataka mwanga wa kuchungulia ndani ya moteri. Nilikwenda duka la jirani kununua mshumaa, na sijutii.

"Nipe buji," nilimwambia mwenye duka. "Mzee amegoma kuamka."

Aliacha kupima sukari, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kinyarwanda: "Mzee wa kwenu? Pore sana, mama. Arikuwa mugonjwa?"

"Ugonjwa gani? Ni uzee tu. Jana alikohoa mara mbili, leo kimya kabisa. Tumemhangaikia tangu asubuhi, hata maji ya moto tumemmwagia."

"Yesu wangu," alisema. Akanipa mishumaa minne, akakataa hela yangu. "Enda tu, mama. Sisi iko nyuma yako, tunakuja."

Nikafikiri, wema ulioje, anakuja kusaidia kuvuta kamba.

Vita vilikuwa kaskazini mwaka ule, na mjini watu walilala na redio masikioni. Ilitosha mtu kusema neno moja dukani, mtaa mzima ukashika vichwa. Nilipofika nyumbani mume wangu aliitazama mishumaa, akanitazama mimi, tukaanza kugombana kuhusu maana ya buji. Shemeji, jicho likiwa limepoa, alikuwa amepitiwa na usingizi pale pale mkekani.

Tukiwa bado tunagombana, lango likafunguliwa. Wakaingia wanaume wanne wa msikitini na jeneza begani.

"Inna lillahi," alisema wa mbele kwa upole. Wakaona mkeka, wakaona mtu aliyenyooka na kitambaa cheupe usoni, wakavua kofia wakajifuta jasho. Nyuma yao wanawake na vilio. Mwenye duka, ambaye ni mtu wa kanisani, alichukua mshumaa mmoja mkononi mwangu, akapiga magoti kichwani pa shemeji na kutoa kiberiti. Nilimpokonya kiberiti hicho kwa nguvu zangu zote, maana ua mzima ulinuka petroli. Watu wakasema masikini, uchungu umempanda kichwani.

"Hajafa!" nilisema.

"Ndiyo, mama," waliniitikia, wakanishika mikono wanikalishe.

Hapo ndipo mjane alipoingia, pekupeku, kanga begani badala ya kichwani, analia kwa sauti ile yake. Alijitupa mkekani. Shemeji akashtuka, akakaa, kitambaa bado usoni, akauliza, "Buji imefika?"

Jeneza lilianguka. Wachukuzi wawili walipita juu ya ukuta, na mwenye duka sikumwona tena hadi Jumanne. Mjane peke yake hakukimbia. Alikiondoa kitambaa, akaliona jicho jekundu likimtazama, kisha akaanza kumpiga ngumi za kifua huku akiendelea kulia.

Ndivyo kaka wa Kagarama alivyotukuta. Alilizunguka jeneza, akavuta benchi walilokuja nalo waombolezaji, akaketi mbele ya pipa.

"Haya, kapteni," alisema.

Shemeji aliinuka akashika kamba. Alivuta. Alivuta tena, watu waliorudi kuchungulia wakimhimiza kwa dua, mpaka kamba ikakatika ikabaki mkononi mwake. Mimi nilitamani nimfunike tena kitambaa.

"Mimi sikuwa kapteni," alisema taratibu. "Nilikuwa nachota maji ndani ya boti kwa kopo. Moteri hawakuniruhusu kuigusa."

Kaka wa mjane alisimama, akajipangusa suruali. "Twende," alimwambia dada yake.

"Kaa chini," alisema mjane.

"Umemsikia mwenyewe?"

"Nimemsikia. Na mimi mtaa mzima umenisikia! Nimemlilia kutoka nyumbani kwangu mpaka hapa, bila viatu, kila mlango watu wametoka wakaniona. Sasa nikirudi niseme nini? Kwamba nimeolewa mara moja na kufiwa mara mbili?"

Kaka yake akamtazama shemeji aliyesimama na kipande cha kamba, akakaa kuzungumza mahari.