Neno Moja kwenye Kibao cha Mama

Mama alipohamishwa na cherehani yake kutoka barazani kando ya barabara hadi safu ya nyuma ya vibanda, kule Shauri Moyo, wateja wake walipotea. Wiki nzima cherehani ililala. Akaamua kutundika kibao njiani, lakini kipande cha bati alichopata kilitosha neno moja tu.

"Tuandike 'Repairs', mama," mchoraji wa vibao alimshauri. "Ni fupi na kila mtu analijua."

"Kuna mafundi wanaoandika 'Alterations'," Mama akasema, kisha akanigeukia. "Wewe niliyekusomesha, tofauti ni nini?"

Nilimweleza nilivyojua. Repair, kitu kimeharibika na unakirudisha kilivyokuwa. Alteration, nguo haina kasoro. Unaibadilisha imfuate mwenyewe.

"Na mimi nafanya ipi?"

Nilikaa kibandani siku mbili na daftari, nikiandika kila kazi iliyoingia. Zilikuwa chache. Zipu ya sketi ya shule: repair. Koti la mtumba kutoka soko la Gikomba, mikono ikimfunika mwenyewe vidole: alteration. Mzee mmoja wa Makongeni, mstaafu wa reli, alileta suruali iliyopasuka nyuma kwa mara ya tatu.

"Shona tena, fundi."

"Suruali haina kosa, mzee. Nikishona itapasuka tena. Wacha nikuongezee kiunoni."

"Unaniambia nimenenepa?"

"Suruali ndiyo imesema."

Hapo niliandika maneno yote mawili.

Siku ya pili alasiri alikuja jirani yetu na gauni lake la kanisani. Mwaka jana, ugonjwa ulipomkondesha, Mama alilipunguza kila upande. Sasa alikuwa amepona na gauni halimwingii. Aliuliza kwa sauti ya chini kama bado kuna la kufanya.

Mama alifumua mshono wa ubavuni. Kitambaa chote cha zamani kilikuwa kimekunjwa ndani, rangi yake bado mbichi kuliko ya nje.

"Kumbe hukukata?"

"Nilijua utarudi kukitaka."

Jirani alikipapasa kile kitambaa kwa vidole.

Kesho yake mchoraji alilalamika kwamba 'Alterations', neno Mama alilochagua, lilikuwa refu mno kwa bati lile. Mama akamwambia apunguze herufi. Alizipunguza, na hata hivyo ile ya mwisho ilibanana na ukingo.

Jumapili jirani alipita chini ya kibao akiwa ndani ya gauni lake. Jumatatu asubuhi, kabla Mama hajaifunua cherehani, wanawake wawili wa kwaya anayoimba jirani walikuwa wamesimama mlangoni na nguo mikononi, wakimuulizia fundi asiyekata.