Fundi Subiri na Siku Tuliyomzika Dada kwa Televisheni

Mwalimu wa darasa letu la watu wazima anataka kila mmoja aandike habari za mtu wa mtaani, abandike nje ya darasa watu wasome. Nilimwambia mimi nimekuja kujifunza kusoma karatasi za hospitali, sikuja kuandika habari za watu. Akasema, "Bibi, andika hivyo hivyo unavyoongea." Haya. Naandika ninavyoongea, na asije mtu na kalamu nyekundu kunifutia. Mwenzangu wa dawati la mbele kamwandika diwani. Mimi namwandika fundi wa televisheni, maana diwani hajawahi kukanyaga sebuleni kwangu.

Mtaa mzima unamwita Subiri. Meza yake iko chini ya ngazi za jengo lenye duka la dawa, mahali ambapo mtu mrefu lazima ainame. Alianza na redio, akaja televisheni zenye kisogo zile za kubebwa na wanaume wawili. Siku hizi zimekuwa bapa kama sinia, zikifa zimekufa, kwa hiyo anaitwa zaidi kwa ajili ya vidude vya kuchomeka nyuma ya televisheni vikaleta picha za intaneti. Vidole vyake vimejaa makovu ya lehemu. Sikio moja halisikii vizuri, na hilo linamsaidia watu wakimgombeza.

Wanamgombeza kwa sababu hana haraka. Dawa yake ya kwanza kwa kila kitu ni kuchomoa waya na kusubiri. Halafu kuna hili linalowaudhi zaidi: hashiki rimoti. Mwenye nyumba ndiye abonyeze. Ukimpa, anaweka mikono magotini. "Mimi nikitoka hapa natoka na vidole vyangu," anasema. "Wewe utabaki na vya nani?"

Mkewe alipokuwa hai alikaa kando ya ile meza akishona vifungo vya mashati ya watu, na yeye ndiye aliyekuwa akimsemea kwa wateja waliochoka kungoja. "Mwacheni," alikuwa akisema, "hata kunioa alichelewa." Tangu mama yule azikwe, Subiri hana wa kumsemea, na wateja wengi wamehamia kwa vijana wa ng'ambo ya barabara wanaobonyeza upesi upesi wakamaliza. Basi leo namsemea mimi.

Dada yangu, kitindamimba wetu, alifia nchi ya mbali alikoolewa. Tulizaliwa wengi, tukabaki yeye na mimi. Kusafiri sikuweza, miguu hii hata sokoni hainifikishi. Mwanawe akanipigia simu: "Mama mkubwa, kuna programu ya wale wenye kazi ya mazishi. Utaona kila kitu kwenye televisheni, kama uko hapa." Mwanangu akaiweka kwenye kidude chetu jioni ile ile, mazishi yakangoja wiki kadhaa, maana kule ndivyo wanavyofanya. Siku yenyewe alitaka abaki nyumbani anifungulie, ila ofisi yao inatoa ruhusa mtu akifiwa na mama, si mama mdogo. Waliotunga sheria hiyo sijui walilelewa na nani.

Nilibaki peke yangu. Nikawasha mapema, nikabonyeza ile programu. Ikaonyesha alama yake, skrini ikawa nyeusi, ikanirudisha mwanzo. Nikabonyeza tena. Vilevile. Nikamwita jirani dirishani, akanikimbilia kwa Subiri.

Akaja na kimkoba chake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo usiniambie subiri. Dada yangu anazikwa mchana huu, na kitu hiki kimegoma."

Alivua viatu mlangoni, akanipa pole, akakaa. Hakuuliza mengi. "Fungua programu nyingine, yoyote ile."

Nikafungua ya nyimbo, ikaimba. Nikaizima upesi, siku yenyewe haikuwa ya nyimbo.

"Basi intaneti ipo," akasema. "Anayegoma ni mmoja tu. Chomoa waya."

Nikachomoa. Tukakaa tunatazama ukuta kama watu waliogombana. Nikachomeka. Programu ikafika pale pale kwenye alama yake, ikafa.

Akakuna kidevu. "Mama, jioni mnakizimaje kidude hiki?"

"Nachomoa. Kitu chenye waya hakilali kimechomekwa ndani ya nyumba yangu. Niliona nyumba ya jirani ikiungua watu wamelala, sisubiri ya kwangu."

"Ndiyo maana. Hiki hula usiku. Watu wakilala, chenyewe kinavuta matoleo mapya ya programu zake. Wewe umekilaza njaa tangu kiingie humu. Programu imezeeka, na walioitengeneza hawaipokei tena."

"Na kitaendelea kulala njaa," nikamwambia. "Siunguzi nyumba kwa ajili ya kidude."

"Sawa, mama. Basi tukilishe sasa hivi."

Akanielekeza nibonyeze pa kuvuta toleo jipya. Kikaandika kwamba nafasi imejaa. Tukaangalia nani kaijaza: michezo ya wajukuu, na programu kubwa ya mpira ya mwanangu.

"Futa mpira," nikasema.

"Mwanao atanuna."

"Anune. Nilimzaa kanuna."

Nikafuta mpira, nikafuta na ile programu iliyogoma, tukaanza kuivuta upya. Intaneti ya nyumbani ikawa inakokota miguu kuliko mimi. Subiri akatoa simu yake, kioo chake kimepasuka kila upande, akatufungulia intaneti ya simu, bando lake mwenyewe. Akaniuliza kama nitaridhika kuangalia humo kwenye simu. Nikamwambia macho haya na kioo kile havielewani, na dada yangu simuagi kwenye ufa. Akainamisha kichwa. Duara likawa linazunguka kwenye skrini, linazunguka tu.

Simu yangu ikalia. Mtoto wa dada. "Mama mkubwa, tunatoka nyumbani sasa."

"Nipo," nikasema. Sikumwambia kitu kingine, alikuwa na yake ya kubeba.

Duara likaisha. Programu ikafunguka kwa mara ya kwanza, halafu ikataka neno la siri. Nikampigia mwanangu kazini. Alikuwa nalo, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, na kila moja lazima uisogelee kwa rimoti, kushoto, kulia, chini, kisha uibonyeze. Nikaruka herufi niliyotaka, nikarudi, nikairuka tena. Kule walikuwa njiani na dada yangu, na mimi natafuta herufi.

Nikamnyooshea Subiri rimoti. "Bonyeza wewe."

Mikono yake ikatoka magotini. Sijawahi kusikia mtu aliyeona hivyo, na mimi niliona. Aliipokea. Ilikuwa tayari iko mkononi mwake nilipoikamata tena.

"Hapana," nikasema. "Nirudishie. Yule ni wa kwangu."

Akanirudishia, akaenda kusimama kando ya televisheni. Mwanangu anataja kwa simu, Subiri ananionyesha kwa kidole herufi ilipo, nami nasogea. Tulipomaliza ikakataa. "Ya kwanza ni kubwa, mama," mwanangu akasema. Tukarudia tangu mwanzo. Hakuna aliyenihimiza.

Picha ikaja bila sauti. Majani mabichi, watu wamevaa makoti, shimo. Nikatafuta jeneza. Wanaume wawili walikuwa wanavuta kamba, na kamba zilikuwa zinapanda tupu.

Alikuwa ameshashuka.

Sauti ikafuata, upepo mtupu, halafu sepetu. Nilimwona mtoto wa dada akitupa udongo wake, akasimama kidogo, akatupa mwingine. Nikajua ule wa pili ni wangu, maana nilikuwa nimemwomba anitupie. Niliuona. Hilo hakuna wa kuniambia sikuliona.

Subiri alikuwa bado amesimama, mikono mbele, kama mtu aliye kaburini kweli. Simu yake, ile ile iliyokuwa inatuletea picha, iliita na kuita, wateja mezani, hakuigusa. Watu wa kule wakaondoka, yakabaki majani na shada. Sikuzima. Hakuniambia nizime.

Baadaye akauliza, "Nyumbani mlimwitaje?"

Nikamtajia jina la utotoni. Halijatajwa na mtu mwingine tangu wenzetu waishe, na hapa siliandiki. Akalisema taratibu, akamwambia aende salama. Ndipo nilipolia.

Kidude sasa nakilisha asubuhi, nikikaa mbele yake nakilinda. Jioni nachomoa.

Lakini siku ile meza ya Subiri ilikaa bila mtu. Waliomkosa walikasirika, wakasema mzee kachoka, wengine hawajarudi hata kuchukua vitu vyao. Binti yake ananiambia viko pale chini ya ngazi, vimeshatengenezwa, vimefunikwa turubai, na baba yake kila asubuhi anavifuta vumbi. Hakuwaambia alikuwa wapi, si mtu wa kujieleza. Nawaambia mimi: alikuwa mazishini. Wewe unayesoma hapa, kama ile televisheni yenye ufa pembeni ni yako, au ile redio ya mkanda wa ngozi, nenda kaichukue kabla ya wiki kwisha. Msalimie vizuri na umpe pole ya mkewe kama hukumpa. Halafu upite kwangu uniambie umekwenda, maana nitamuuliza binti yake.